Wanapotuchora: Tucheke, Tukasirike au Tutubu?

SOMO LA WIKI

Maandiko ya kusoma nyumbani: Yakobo 2:1–9, 1 Wafalme 18:19–29, Mithali 26:18–19, 1 Petro 4:14–17

Wazo kuu: Si kila anayetucheka ni adui wa Injili. Wengine wametushikia kioo.

Wiki hii nina somo ambalo lilinikuta mimi kabla ya kuwafikia ninyi, kwa hiyo nitaanza kwa kuungama.

Mwaka jana, Jumatatu moja baada ya ile ibada ya harambee ya jengo, mama anayetusaidia kufagia kanisa aliokota daftari chini ya benchi. Lilikuwa daftari la shule, la kawaida tu. Akaniletea ofisini akisema, "Pasta, angalia hii, lakini usikasirike."

Nikafungua. Ndani kulikuwa na katuni iliyochorwa kwa kalamu ya wino, visanduku vinne.

Sanduku la kwanza: langoni pa kanisa wamefika watu wawili. Mmoja ni mheshimiwa, ameshuka kwenye gari kubwa na walinzi watatu. Mwingine ni nyanya mzee, ana leso mabegani na mwavuli uliovunjika. Sanduku la pili: mashemasi wanne wanamkimbilia mheshimiwa, mmoja na chupa ya maji, mwingine anapangusa kiti kwa tai yake. Nyanya anaelekezwa kwa kidole tu: kule nyuma, karibu na choo. Sanduku la tatu: mchungaji yuko mimbarini, mdomo umefunguka kama pango, anapaza sauti kwamba mbele za Mungu sisi sote ni sawa. Mkono mmoja umeshika Biblia, ule mwingine umeshika bahasha. Sanduku la nne: nyanya ametia sarafu kwenye kikapu, na shemasi anaitafuta ile sarafu kwa darubini.

Wapendwa, sikucheka. Mchungaji wa sanduku la tatu alikuwa amevaa tai ya mistari mipana, na tai hiyo nilikuwa nimeivaa mimi, Jumapili hiyo hiyo!

Jina lilikuwa kwenye jalada. Ni kijana wetu wa kinanda, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Jumanne jioni wazee wakakutana. Mmoja akasema hiyo ni roho ya uasi, kijana aombewe. Mwingine akasema aondolewe kwenye kinanda miezi mitatu ili wengine wajifunze. Mimi nilinyamaza, lakini moyoni nilikuwa naona miezi mitatu ni michache.

Nikafika nyumbani nimefura. Nikamwonyesha mama watoto lile daftari. Akaangalia, akageuza, akaangalia tena. Halafu akaniuliza swali moja: "Lakini baba, ni uongo?"

Sikuwa na jibu. Hapo ndipo somo hili lilipoanzia.

1. KWA NINI TUNAZIPENDA KATUNI?

Hebu tuwe wakweli. Ni wangapi wetu tukinunua gazeti tunatafuta katuni kwanza, hata kabla ya habari? Inua mkono, hakuna anayekuona.

Wakenya tumelelewa na katuni. Wazee wetu waliosoma Taifa Leo wanamkumbuka Juha Kalulu, mchoro wa Edward Gitau, uliowachekesha watu kwa miongo mingi. Mwaka wa 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, ambalo mwananchi wa kawaida alijiona ndani yake akihangaika na mshahara mdogo na mji mkubwa. Kisha akaja Gado, kijana kutoka Tanzania aliyeanza kuchorea Daily Nation mwaka wa 1992, na viongozi wakajifunza kuogopa kalamu. Kuanzia 2009 tukapata vikaragosi vya XYZ Show kwenye televisheni, tukaona wakubwa wakifanywa wanasesere. Siku hizi katuni haingoji gazeti. Iko kwenye simu, na kabla chai haijapoa imefika katika makundi kumi ya WhatsApp.

Zinapendwa kwa nini? Naona sababu tatu.

Kwanza, katuni inasema kile kila mtu amekiona lakini hakuna aliyethubutu kukisema. Ndiyo maana kicheko chake huwa na pumzi ya nafuu ndani yake. Unajiambia, "Kumbe si mimi peke yangu niliyeona!"

Pili, katuni inamshusha mkubwa. Mtu ambaye huwezi kumkaribia kwa sababu ya walinzi, kwenye karatasi ana pua ndefu na tumbo kama la mtu yeyote. Mchoraji anatukumbusha kwamba cheo ni nguo tu, na nguo huvuliwa.

Tatu, katuni haina haja ya maneno mengi. Mwaka wa 1521, wakati wa Matengenezo ya Kanisa kule Ujerumani, watu wengi hawakujua kusoma. Msanii Lucas Cranach akatengeneza kijitabu cha picha zilizochongwa kwenye mbao, zikiwekwa mbili mbili, jozi 13. Upande mmoja Kristo anawaosha wanafunzi miguu, upande wa pili papa anabusiwa mguu na wafalme. Upande mmoja Kristo anawafukuza wafanya biashara hekaluni, upande wa pili papa yuko ndani anakusanya fedha. Hata asiyejua herufi moja alielewa. Sisi Waprotestanti tunajivunia urithi wa Matengenezo, lakini tunasahau kwamba sehemu ya urithi huo ni katuni. Tena katuni kali sana, iliyowachora viongozi wa dini! Sasa kalamu ikigeukia upande wetu tuseme ni roho ya uasi?

2. BIBLIA NAYO INACHEKA

Kuna wapendwa wanaofikiri Biblia ni kitabu kisicho na kicheko. Hebu fungua 1 Wafalme 18:27. Manabii wa Baali 450 wamepiga kelele tangu asubuhi hadi adhuhuri, moto haujashuka. Eliya anawaambiaje? Anawashauri waongeze sauti. Labda mungu wao amezama katika mawazo, au ametoka kidogo, au yuko safarini, au amelala na anahitaji kuamshwa. Hiyo ni kejeli, jameni, na haijafichwa.

Isaya 44 kuanzia mstari wa 14 ni katuni kamili. Mtu anakata mti. Nusu anaota moto na kuoka mkate, anashiba, anafurahi. Nusu iliyobaki anachonga sanamu, anaipigia magoti na kuiomba imwokoe. Gogo lile lile! Ukitaka kulichora, sanduku tatu zinatosha.

Bwana wetu mwenyewe alichora kwa maneno. Mtu mwenye boriti jichoni anataka kutoa kibanzi katika jicho la ndugu yake (Mathayo 7:3–5). Mtu anayetoa sadaka huku anapigiwa tarumbeta (Mathayo 6:2). Viongozi wa dini wanaochuja mbu kwenye kikombe, halafu wanammeza ngamia mzima (Mathayo 23:24). Fikiria uso wa huyo Farisayo, kwato za ngamia bado zinaning'inia mdomoni. Watu waliomsikia Yesu walicheka, nina uhakika. Na wengine hawakucheka, kwa sababu walijijua.

Na Nathani je? Angemwendea Daudi moja kwa moja na kumwambia "wewe ni mzinzi na muuaji", pengine asingemaliza sentensi. Akamchorea hadithi: tajiri mwenye kondoo wengi, maskini mwenye kondoo mmoja. Daudi akakasirika, akatoa hukumu, na hukumu ikamwangukia mwenyewe (2 Samweli 12:1–7). Hivyo ndivyo mchoro unavyofanya kazi. Mlango wa mbele tumeufunga kwa komeo la kiburi, nao unapitia dirishani.

Sasa rudi Yakobo 2:2–4. Mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi ya kung'aa anaingia kwenye kusanyiko, na maskini mwenye nguo chakavu anaingia pia. Wa kwanza anapewa kiti kizuri. Wa pili anaambiwa asimame kule, au aketi chini karibu na miguu ya watu. Niliposoma mistari hiyo usiku ule wa Jumanne, daftari likiwa mezani kando ya Biblia, nilihisi joto masikioni. Kijana wetu hakuwa amebuni chochote. Yakobo alikuwa ameichora katuni ile mbele yake. Tofauti ilikuwa tai yangu.

3. LAKINI KUNA MIZAHA ISIYO YA MUNGU

Sasa usitoke hapa ukisema pasta ameruhusu kumcheka kila mtu. La, hasha.

Mithali 26:18–19 inamfananisha mtu anayemdanganya jirani yake kisha akasema alikuwa anatania, na mwendawazimu anayerusha mienge na mishale. Moto haujui kwamba wewe ulikuwa unacheza. Zaburi ya 1 mstari wa 1 inatuonya tusikae kwenye baraza la wenye mizaha. Mtu anayecheka kila kitu mwishowe hana kitu cha kuheshimu, hata Mungu.

Katika daftari lile lile kulikuwa na ukurasa wa pili. Hapo kijana alikuwa amemchora shemasi wetu mmoja ambaye ana kigugumizi, herufi zikimtoka mdomoni moja moja kama mahindi. Hapo hakukuwa na dhuluma iliyofichuliwa. Ilikuwa udhaifu wa mtu tu, kitu ambacho hakukichagua na hawezi kukitubia. Torati inakataza kumlaani kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo (Walawi 19:14), na Mithali 17:5 inasema kwamba anayemdhihaki maskini anamtukana Muumba wake.

Kwa hiyo tupime kila katuni, iwe tunaichora, tunaitazama au tunaituma mbele, kwa maswali haya manne:

• Je, ni kweli? Eliya hakumsingizia Baali. Ni kweli hakujibu. Picha iliyotengenezwa ili mtu aonekane amesema asichosema ni ushahidi wa uongo, hata ukiweka alama za kicheko hamsini.

• Je, inamlenga nani? Manabii wale walikula mezani pa malkia Yezebeli, na Eliya alisimama peke yake. Kejeli ya Biblia humwendea aliyekaa juu ya wengine. Askari waliomvika Yesu taji ya miiba na kumpigia magoti walifanya kinyume: wenye silaha walimdhihaki aliyefungwa (Mathayo 27:27–31).

• Je, inacheka dhambi au inacheka umbile? Kiburi kinaweza kutubiwa. Kigugumizi, urefu, rangi ya ngozi na kabila haviwezi.

• Je, baada ya kucheka, nataka huyu mtu apone? Nathani alitaka Daudi atubu. Mwenye mizaha anataka tu Daudi aaibike.

4. TUKICHORWA SISI TUFANYEJE?

Kanisa limechorwa kwa muda mrefu. Huko Roma, kwenye kilima cha Palatino, mwaka wa 1857 wachimbaji walipata mchoro uliokwaruzwa ukutani, ambao wataalamu wengi wanaukadiria kuwa wa karibu mwaka 200 baada ya Kristo. Unaonyesha mtu aliyesulubiwa mwenye kichwa cha punda, na mbele yake kijana ameinua mkono. Maandishi ya Kigiriki chini yanasema kwamba huyo ni Alexamenos, anamwabudu mungu wake. Ni moja ya picha za zamani zaidi za kusulubiwa zinazojulikana duniani, na ni katuni ya kutucheka!

Lakini katika chumba cha pili kulipatikana maneno mengine machache, kwa Kilatini, yanayomtaja Alexamenos kuwa mwaminifu. Hatujui nani aliyaandika. Lakini mimi hunifariji kwamba aliyechora dhihaka hakupata neno la mwisho.

Alexamenos alichekwa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya msalaba. Sasa linganisha. Mwaka wa 2014 Wakenya walionyeshwa kwenye televisheni mhubiri aliyetumia kemikali kuyafanya maji ya kuoshea miguu ya wagonjwa yaonekane kama damu, na watu wakiambiwa wapande mbegu ya shilingi 310. Nchi nzima ilicheka, wachoraji wakapata kazi. Je, ulikuwa ule msalaba uliochekwa? Hapana. Ilichekwa biashara iliyovaa msalaba.

Petro anatenganisha mambo haya mawili waziwazi katika 1 Petro 4:14–16. Ukilaumiwa kwa ajili ya jina la Kristo, heri wewe. Lakini mtu asiteswe kwa sababu ya wizi au uovu wake halafu aite hayo mateso ya Injili. Na mstari wa 17 unaongeza kwamba hukumu inaanzia nyumbani mwa Mungu.

Wapendwa, hapa pana jambo la uzito kuliko aibu ya pasta mmoja. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwa miongoni mwao. Mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kumuuliza mchungaji swali, wala kutabasamu anaposema jambo la ajabu, ni mahali pa hatari. Kanisa linaloweza kuonywa na kijana wa kidato cha tatu, hata kwa kalamu ya wino, lina mlango wazi wa kutokea moshi.

Ndiyo maana mwezi wa Juni 2024, vijana waliposema wanasiasa waache kugeuza madhabahu kuwa jukwaa la kampeni, mimi sikuona maadui wa kanisa tu. Niliona wajukuu wa Yakobo wakisoma sura ya 2 kwa sauti.

5. MWISHO WA LILE DAFTARI

Jumatano nilimwita kijana, akaja na mama yake. Alikuwa anatetemeka. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Pasta, mtaniondoa kwa kinanda?"

Nikamwambia aketi. Nikamuuliza yule nyanya wa kwenye picha ni nani. Akaangalia chini, kisha akasema, "Ni shosho yangu. Alikuwa amekuja kutoka mashambani atuone tukiimba. Walimwambia akae nje kwa hema kwa sababu viti vya mbele ni vya wageni."

Viti vya wageni! Naye aliyetoka mbali zaidi siku ile alikuwa mgeni kuliko wote.

Nilimwomba kijana msamaha, mbele ya mama yake. Kisha tukafungua ukurasa wa pili, ule wa shemasi mwenye kigugumizi. Sikusema mengi. Nilimsomea Walawi 19:14 na kumuuliza shemasi alikuwa amemkosea nini. Akanyamaza. Halafu akaung'oa ule ukurasa mwenyewe, akaukunja, akasema ataenda kuongea na shemasi. Na alienda.

Wazee tukakutana tena. Haikuwa rahisi, maana jengo bado halijaisha na bahasha ile ilikuwa nene. Lakini tulikubaliana mambo mawili. Safu mbili za mbele ni za wazee, akina mama wenye watoto wachanga na wenye ulemavu. Na mheshimiwa akija, karibu sana: ataketi anapopata nafasi, atamwabudu Mungu kama sisi, na kipaza sauti kitabaki mimbarini. Tangu hapo michango ya jengo imepungua, na mabati ya upande wa kusini bado hatujayanunua. Nawaambia ukweli ili mjue gharama yake.

Jumamosi mimi na mama watoto tulisafiri kwenda kwa shosho. Alitupikia chai na nduma. Nilipomaliza kuomba msamaha alinishika mkono, akasema, "Mchungaji, niliomba nikiwa huko nje. Mungu hakai viti vya mbele peke yake." Tukaomba pamoja. Hajarudi kanisani kwetu hadi leo, na siwezi kumlaumu. Lakini kiti kipo.

Kijana bado anapiga kinanda. Bado anachora. Jumapili iliyopita nilimwona ameinamia daftari wakati nahubiri, na nikajikuta nimelegeza tai kidogo.

TUOMBE

Bwana Yesu, wewe ulidhihakiwa ukiwa huna kosa. Sisi tukichekwa kwa ajili yako, tupe furaha na uvumilivu. Tukichekwa kwa sababu ya unafiki wetu, tupe masikio. Linda ndimi zetu na vidole vyetu tunapotuma na kucheka. Tufundishe kumwona yule aliyeketi nyuma. Amina.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Taja katuni au picha ya kuchekesha iliyowahi kukugusa kuhusu kanisa. Je, ilicheka msalaba, au ilicheka kasoro yetu?

2. Soma Yakobo 2:1–9. Kama Yakobo angeketi langoni petu Jumapili ijayo, angechora nini?

3. Fikiria picha ya mwisho uliyotuma kwenye kundi la WhatsApp. Ipime kwa yale maswali manne. Je, kuna mtu unayehitaji kumwomba msamaha?

4. Ni nani aliacha kuja kanisani na hatukumuuliza kwa nini? Pangeni wiki hii nani atamtembelea.